Mayai ya Lamu Katika Baridi ya Kangemi



Nilishuka kwenye treni katika kituo cha Syokimau nikiwa na boksi mkononi na agizo kifuani. Ndani ya boksi mlikuwa na mayai 18 ya kuku aina ya kuchi, yaliyotoka kwa ndugu yangu wa kike aliyeko Lamu. Agizo nalo lilikuwa lake. Mayai niyafikishe kwa binti yake anayeishi Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi, ayatie katika mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Na neno nililotumwa nimfikishie binti huyohuyo ni kwamba eda yake imekwisha zaidi ya mwaka sasa, mumewe, Allah amrehemu, hayupo tena, na ugenini si pahali pa mjane; afunge mizigo arudi kwao pamoja na wanawe wawili.

"Wewe ndiwe mjomba wake, na tena ndiwe uliyesoma," ndugu yangu aliniambia. "Mimi nikimwambia hunijibu, 'Inshallah, mama,' na mambo yakaishia hapo. Wewe hatakukataa."

Safari yenyewe ilikuwa na sababu nyingine. Imamu wa msikiti mmoja wa upande huo alikuwa anakwenda Umra, nami niliombwa nishike nafasi yake kwa wiki 3. Wiki 3 ni siku 21, na siku 21 ndizo siku ambazo yai la kuku hukaa chini ya mama yake mpaka likawa kifaranga. Niliona ni jambo la kheri kwamba kazi mbili zimewafikiana muda.

Inafaa niseme kwa nini mayai haya yalikuwa na thamani kwetu. Kuchi ni kuku wa pwani yetu tangu zamani: mrefu wa miguu na shingo, kifua amekiinua, manyoya yamembana mwilini, kilemba chake kidogo. Wapo wanaomfuga ili majogoo wapigane, na hilo Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, amelikataza, kwani alikataza wanyama kuchokozwa wapigane. Mama yetu, Allah amrehemu, aliwafuga kwa mayai, kwa mgeni na kwa Idd. Alipofariki, ndugu yangu aliwarithi. Mwaka jana ukaingia ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, na katika muda mfupi banda likawa kimya. Walibaki kuku koo watatu na jogoo mmoja. Ndugu yangu akasema, kizazi cha mama kisikae pahali pamoja tena; wengine wawe Lamu, wengine wawe mbali, ili maradhi yakija huku, kule wabaki.

Alikusanya mayai kwa siku 10 wala hakuzidisha, maana yai la mbegu likikaa sana hupungua nguvu, na joto la pwani huliharakisha kuharibika. Kila yai alilizungushia karatasi, akalisimamisha ncha yake ikiwa chini, akajaza sufi katika nafasi zilizobaki. Boksi likavuka kwa mashua mpaka Mokowe, likapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, likanifikia Mombasa. Nilipolifungua, yai moja lilikuwa na ufa. Yakabaki 17. Kwa hofu ya matuta ya barabara nikaamua kupanda treni, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2017 imetupunguzia sana machofu ya safari ya Nairobi.

Katikati ya jiji nilifika kabla ya Adhuhuri. Wazee wetu walisema mgeni ni kuku mweupe, na siku ile nilikuwa kuku mweupe aliyebeba mayai. Nairobi ni mji wa kukaguliwa. Kila mlango una mlinzi na kila mlinzi ana swali.

"Mzee, umebeba nini?"

"Mayai."

"Umetoka nayo wapi?"

"Lamu."

Mlinzi akanitazama, akatazama kofia yangu, akatabasamu. "Kwani hapa Nairobi mayai yameisha?"

Niliswali katika Msikiti wa Jamia. Kila nikiuona moyo wangu hutulia. Jengo hili lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na kuba zake tatu za rangi ya fedha na minara yake miwili bado zinajulikana hata baada ya maghorofa makubwa kuota pande zote. Upande mmoja ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na simba wake wa mawe wakilinda ngazi. Hatua chache kutoka hapo ni soko la City Market, penye nyama, samaki na maua. Nje ni honi, wachuuzi na watu wanaotembea kana kwamba wote wamechelewa. Ukivuka mlango wa msikiti, kelele hubaki nyuma yako kama viatu. Niliweka boksi kando ya nguzo, na nakiri kwamba katika sunna za baada ya swala macho yangu yaliteleza kulitazama zaidi ya mara moja. Allah anisamehe.

Kutoka mjini nilipanda matatu ya Kangemi. Utingo alinyoosha mkono. "Mzee, hiyo mzigo weka nyuma." Nikamwambia ni mayai ya kutotolesha, yakitikiswa sana huharibika. Akafikiri kidogo, kisha akamwondoa kijana mmoja kwenye kiti cha mbele. "Pisha mzee, ako na watoto." Nilicheka peke yangu, maana alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Tulipita Museum Hill, tukapita Westlands chini ya ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, tukaendelea na Waiyaki Way. Boksi nililiinua kidogo kutoka mapajani ili mikono yangu ndiyo ipokee mishindo ya barabara.

Kangemi iko bondeni na mlimani kwa pamoja. Juu, kando ya barabara kuu, ni maduka na fleti ndefu. Ukishuka, ni mabati, vichochoro, udongo mwekundu na mashamba madogo ya sukumawiki karibu na maji. Ulikuwa mwezi wa Julai, na wenzetu wa pwani wanaojua Nairobi ya Julai watanielewa. Baridi yake haina upepo wala kelele, inakukalia tu. Mpwa wangu alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mjomba. Nipe mzigo, umechoka."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijachoka, waliochoka ni hawa."

Niliyasema kwa mzaha, yeye akayachukua kwa kweli. "Ndiyo, mjomba. Wamechoka. Leo hatuwatii mashineni."

Mimi nilikuwa na haraka; nilidhani kila saa inayopita ni hasara. Yeye aliyapanga mayai kwenye trei, ncha chini, akayaacha mpaka siku ya pili. Usiku, taa zilipozimwa, aliwasha tochi ya simu na kuiegemeza kwenye upande butu wa yai. Pale ndani, upande ule, kila yai lina chumba kidogo cha hewa. Katika yai lililotulia, chumba hicho hakisogei. Katika mayai yetu mengi kilikuwa kinacheza, kinakwenda huku na huku kama povu ndani ya pimamaji ya fundi. Ni mtikiso wa safari, alinieleza. Utando wa ndani umebanduka. Ukilipa yai saa 12 mpaka 24 za kupumzika, mara nyingi hewa hurudi pahali pake. Ukilitia jotoni na kuligeuza likiwa katika hali ile, huenda likaviza.

Mpwa wangu ana mashine mbili. Kubwa ni ya mayai 176, aliyoipata baada ya kufiwa, kwa mkopo wa chama cha akina mama wa mtaani. Hiyo ndiyo inayolipa karo na kodi ya nyumba: watu humletea mayai, naye huwatotoleshea kwa malipo. Ndogo ni ya mayai 56, na hiyo aliitenga kwa mayai ya Lamu peke yake. Nikamwuliza kwa nini asiyachanganye na mengine. Jawabu lake lilinionyesha kwamba aliyoyasoma hayakuwa madogo. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya wafugaji upande wa Kabete, karibu tu na hapo, ambako kipo kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Na jirani yake, Uthiru, ndipo ilipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI.

"Mjomba, hapa tuko juu," alisema. "Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Yai lina vitundu vidogo mno ambavyo kwavyo hupumua, na hapa maji hutoka humo kwa kasi kuliko pwani. Hili ganda limeumbwa kwa hewa ya Lamu."

Kwa hiyo mayai ya pwani yalihitaji unyevu zaidi kidogo kuliko ya wenyeji. Joto ni lilelile, nyuzijoto 37.5, kwa mashine yenye feni. Sufuria ya maji ndani ya mashine ndiyo aliyoichunga. Mayai aliyapima kwa mizani ya jikoni na kuandika uzito wake daftarini, kwani yai linalokwenda vizuri hupoteza kama asilimia 11 mpaka 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Likipoteza zaidi, utando hukauka na kumbana kifaranga. Likipoteza kidogo sana, kifaranga huzama katika majimaji yake. Nilibaki nimeduwaa. Mwenyezi Mungu ametaja katika Qur'ani kwamba Yeye hutoa kilicho hai katika kilicho maiti, na mufassirina walipotafuta mfano, mmoja katika mifano yao ulikuwa yai na kifaranga. Nimesomesha hayo miaka mingi. Sikuwahi kuyaona kwa mizani.

Jioni, baada ya Isha, watoto walitaka hadithi. Niliwapa ya Misri. Tangu enzi za kale kabisa Wamisri walijua kuangua mayai kwa maelfu katika majumba ya udongo yenye tanuri, bila ya kuku koo hata mmoja. Tabibu mwanachuoni Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliyaona majumba hayo na akayaeleza kwa urefu katika kitabu chake juu ya Misri. Hawakuwa na kipimajoto. Wahudumu walilichukua yai na kuligusisha kwenye ukope wa jicho, wakajua kama joto limezidi au limepungua. Binti mdogo, mwenye miaka 8, alikwenda kimya kimya akatwaa yai jikoni akaligusisha jichoni. "Babu, hili baridi," akasema. Tukacheka sote.

Siku ya 7 tuliyapiga mwanga tena. Katika yai lenye uhai unaona doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Mayai 6 yalikuwa meupe tupu. Moja lilikuwa na duara la damu, alama ya kiinitete kilichoanza kikafa. Yakabaki 10. Nilihuzunika, yeye hakushangaa. Yai lililosafiri, alisema, ukipata nusu umshukuru Mungu.

Katika siku hizo nilikuwa nikitafuta wakati wa kulitoa lile agizo. Kila nilipotaka kulianza, mlango uligongwa. Siku moja aliyegonga alikuwa mama mwenye malalamiko: alileta mayai 30, akapewa vifaranga 12. Mpwa wangu hakupandisha sauti. Alileta daftari, akamwonyesha tarehe, idadi, na pale mama yule mwenyewe alipotia alama siku ya 7 alipoonyeshwa mayai yasiyo na mbegu. Mama akasema ni kweli, jogoo wake ni mzee. Akaniomba mimi niseme neno. Nikawaeleza kwa ufupi kwamba anayepokea mali ya watu kwa kazi ni mwenye amana, na katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu ya Shafi, mwenye amana hatozwi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mipaka. Lakini kinachozuia ugomvi ni kubainisha tangu mwanzo: malipo ni ya kazi ya kuyatia mayai na kuyatunza, au ni ya kila kifaranga kitakachotoka? Yote mawili yana mlango katika fiqhi. Kisichofaa ni kuacha jambo gizani. Na anayeuza mayai ya mbegu aseme umri wake, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni hadaa. Mama yule aliondoka na vifaranga wake na akaacha trei nyingine ya mayai. Nikajiambia, huyu ndiye niliyeambiwa amepotea ugenini.

Usiku wa 16 umeme ulikatika. Ilikuwa saa 3 za usiku na baridi ilikuwa imeshuka hasa. Sijapata kumwona mtu akifanya kazi kwa utulivu ule. Mashine hazikufunguliwa. Alizifunika kwa mablanketi, akaacha matundu ya hewa wazi, maana viinitete vya siku hizo vinapumua sana na vyenyewe vinatoa joto. Chupa za maji moto zikapangwa kando. Jiko la makaa lilibaki nje. Moshi wake, alisema, ungeua vifaranga, nasi pia. Nusu saa haikupita, jirani mmoja, mama wa Kikuyu, akaja na chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto. Kisha akaja mwingine. Wanawake wale walipokezana mpaka karibu na Alfajiri taa ziliporudi. Hakuna aliyeitwa, waliona giza, wakajua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi, na katika kushika tochi nikafikiri sana juu ya neno "ugenini".

Siku ya 18 aliacha kuyageuza mayai, akaongeza maji mpaka unyevu ukafika asilimia 65 na kuzidi, akafunga mlango. Yaliyo hai yalikuwa 8. Siku ya 20, baada ya Magharibi, tulisikia sauti ndani ya ganda. Mwenye kuisikia mara ya kwanza haisahau: kilio chembamba kutoka ndani ya kitu ambacho bado unakiita yai.

Kufikia Alasiri ya siku ya 21, watano walikuwa wametoka wenyewe, wamelowa na wamechoka, wakianguka na kuinuka. Wa sita alikuwa ametoboa tundu tangu Alfajiri, ukubwa wa mtama, na hakuendelea. Mdomo wake ulionekana ukifunguka na kufunga. Binti mdogo hakuweza kustahimili.

"Babu, analia. Tumtoe."

Nami, wasomaji wangu, nilikuwa upande wa mtoto. Nikamkumbusha mpwa wangu kisa cha yule ndege ambaye baadhi ya masahaba waliwachukua makinda wake, akawa anapapatika kwa uchungu, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akaamuru arudishiwe. Ikiwa hiyo ndiyo huruma kwa ndege, tumwacheje huyu ateseke?

Mpwa wangu aliinamisha kichwa kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, makinda wale walirudishwa kwa mama yao. Na huyu bado yu kwa mama yake. Hilo ganda ndilo mama yake kwa sasa."

Akanieleza. Kifaranga akishatoboa tundu la kwanza, hupumzika, mara nyingine saa 12, mara nyingine saa 24. Katika kupumzika huko halali bure. Damu iliyomo katika mishipa ya utando inarudi mwilini mwake, na kiini cha yai kilichobaki kinaingia tumboni, kiwe akiba yake ya siku 2 au 3 za kwanza. Ukimvunjia ganda kabla ya hapo, unakata mishipa yenye damu na unamtoa na tumbo lililo wazi.

"Wa kwanza niliowasaidia," alisema, "niliwaua kwa huruma. Watatu. Nilikuwa nimefiwa karibuni, sikutaka kitu kingine kife mbele yangu. Nikawavunjia, wakatoka damu mkononi mwangu."

Hatukusema neno tena. Tulingoja. Usiku ule niliamka mara mbili, nikakuta na yeye yu macho.

Alfajiri ilipofika tena, saa 24 zilikuwa zimetimia, na utando ulioonekana tunduni ulikuwa umegeuka rangi, manjano kama karatasi ya msahafu wa zamani. Umekauka, alisema, huyu sasa amebanwa, hatoki mwenyewe. Sasa ndiyo wakati. Alinawa mikono, akachovya pamba katika maji ya uvuguvugu, akaulowesha utando bila ya kuugusa mdomo wa kifaranga. Kwa ncha ya kibanio akaondoa ganda kipande kwa kipande, upande wa chumba cha hewa tu. Kikatokea kiuzi chekundu na tone dogo la damu. Akasimama papo hapo. Akalizungushia yai kitambaa chenye unyevu na joto, akaacha nafasi ya mdomo, akalirudisha mashineni. Tukasubiri saa 3 nyingine. Alipolitoa, mishipa ilikuwa imekauka na kuwa kama nyuzi tupu. Akaendelea kidogo, akakifungua kichwa, kisha akaliweka yai chini.

"Mbona humalizii?" nikauliza.

"Kilichobaki ni chake. Asiposukuma kwa miguu yake, miguu haipati nguvu."

Alisukuma. Ilimchukua sehemu kubwa ya saa, lakini alisukuma, na nusu ya chini ya ganda ikamtoka. Mayai 2 yaliyobaki hayakutoboa kabisa. Tulipoyafungua baadaye, vifaranga walikuwa wametimia na wamekufa. Tukasema inna lillahi. Katika mayai 18 ya mama yetu, Allah alitupa vifaranga 6.

Asubuhi ile, tukinywa chai, ndipo nilipofungua mdomo. Lakini maneno niliyokuja nayo sikuyatumia. Sikumwambia arudi. Nilimwuliza, "Mwanangu, unahitaji nini kwetu?"

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mjomba, sijakataa kurudi. Nikirudi, nataka nirudi kwa miguu yangu, si kwa kubebwa. Watoto wangu wana shule hapa, mimi nina kazi, nina majirani. Ninalohitaji ni watoto wakae na bibi yao likizo zote, wasije wakasahau kwao. Na nikipata betri ya kuendesha mashine umeme ukikatika, nitalala usingizi."

Nilimpigia ndugu yangu simu mbele yake. Nilimweleza yote: daftari, usiku wa giza, wale wanawake na chupa zao za maji moto. Nikamwambia kwamba binti yake hajapotea, na kwamba sisi tuliomtakia kheri tulikuwa karibu kumvunjia ganda kabla ya wakati. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Wametoka wangapi?"

"Sita."

"Alhamdulillah. Wape chanjo ya kideri mapema, wasije wakafa kama wangu." Na baada ya kitambo akaongeza, "Betri hiyo ni pesa ngapi?"

Wasomaji wangu, hasa akina mama mnaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, na nyinyi mnaolea watoto walio wakubwa au mnaomtazama mjane au yatima wa ukoo wenu: rehema ni faradhi yetu sote, lakini nayo ina elimu yake. Kuna saa ambayo mkono ukinyooshwa huua, na kuna saa ambayo mkono ukizuiwa huua vilevile. Mpwa wangu alijua tofauti ya saa hizo mbili kwa sababu aliwahi kukosea, akahesabu, akaandika. Mimi niliyekwenda kumwongoza nilirudi na somo lake.

Siku ya kuondoka, yule wa sita alikuwa tayari amejichanganya na wenzake chini ya taa ya joto, nami sikuweza tena kumtambua. Binti mdogo alimjua mara moja. Alisema ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Tunamwomba Allah awarehemu wazazi wetu, awahifadhi wajane na mayatima wetu popote walipo, na atupe hekima ya kujua wakati wa kusaidia na wakati wa kusubiri. Wabillahi tawfiq.